Mutu Moja ya Stage

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkutano wa simu asubuhi. Mbaya! Mbaya kabisa.

Tulisimama wote watatu, mafundi wa kushona, nyuma ya choo cha Pascaline, maana huku kwetu Kashojwa, kambini Nakivale, rezo, yaani mtandao wa simu, inashuka pale tu. Mimi na mtoto wangu Shimwa mgongoni. Pascaline na kiti chake (alijiletea kiti! kwenye mkutano wa kusimama!). Na papa Grégoire, fundi wetu mkubwa, kofia mkononi kama vile Madame angemwona.

Madame Kembabazi yuko Mbarara, dukani kwake. Anatuma vitambaa, sisi tunashona sakoshi za kitenge, mikoba ya wanawake, nyumbani, kila mtu kwake, tunazirudisha kwa taksi, yeye anauza. Hatujawahi kukutana naye. Tunamjua kwa ile picha ndogo ya WhatsApp, amesimama karibu na friji.

Leo alikasirika. Alisema sisi watu wa Nakivale tunamsumbua. Sakoshi zimefika, moja ina mkanda mfupi wa kubana kwapa, nyingine mkanda wake unafagia chini. Akauliza kama tunafikiri wateja wake ni twiga. Tena picha! Aliomba kila mtu atume picha ya kazi yake, tukatuma. Kumbe ameona picha zote ni za sakoshi moja. Ile ya papa Grégoire, yenye kuwa nzuri. Kila mtu aliipiga kwa upande wake. Mimi niliipiga kwa chini, nikiwaza hataitambua.

Mwisho akasema neno la kuogopesha. Kama hii kazi ya mbali haitengenezeki upesi, anatafuta washonaji pale pale Mbarara na anaachana na sisi.

Hii kazi ndiyo inaniacha nyumbani na mtoto. Ninashona, ananyonya, ninashona. Ikiisha narudi kwenye kibarua cha kulima mashamba ya watu, kule mbali, tangu alfajiri mpaka jua linashuka. Na Shimwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuanguka.

Halafu mchana ujumbe ukaingia kwenye grupu. Nauandika vile ulivyo:

"Mimi nataka mutu moja ya stage. Mutu serious. Kila siku iko kwa stage, inaangalia kazi yote. Mukubaliane, munipe jina Ijumaa."

STAGE!

Staji! Kwetu Uvira, Kongo, hata mtoto anajua. Mtu anaenda staji, anakaa kwa wakubwa, anafundishwa kazi, anarudi na karatasi yenye muhuri. Binamu yangu alifanya staji kwa daktari wa meno. Hakung'oa hata jino moja, lakini mpaka leo anatembea kama daktari. Mimi niliacha shule mwaka wa kwanza wa sekondari. Staji niliziona tu zikipita na mashati meupe. Sasa Mungu amenikumbuka! Nitaenda Mbarara, nitafundishwa dukani, nitarudi mkubwa wa kazi ya mbali, na kazi haitatoka mikononi mwetu.

Jioni nimemwona Pascaline anapaka viatu rangi. Naye amesoma ujumbe.

Sawa. Vita.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza: kuonyesha kwamba mimi ni mtu serious.

Nimewaza hivi. Madame hatuoni. Mtu asiyekuona anafikiri umelala. Basi kila siku nitamtumia ripoti kwa sauti kwenye grupu, kama wale wa redio. Nimejifungia ndani, nimemnyonyesha Shimwa kwanza ili anyamaze, nimekohoa vizuri, nimeanza: "Ripoti ya kazi, kutoka Kashojwa."

Shimwa akaanza kupiga kelele za furaha. Sauti yangu ya redio anaipenda. Jogoo wa jirani akaingia. Nikaendelea. Mtu serious haachi.

Halafu Bienvenu, mume wangu, akarudi toka kwenye maharagwe. Akauliza suruali yake ya kanisa iko wapi, ile yenye kupasuka nyuma. Nilimfanyia ishara za mikono. Akafikiri namsalimu. Akakaa, akaanza kunishauri kwamba nisiogope Pascaline, kwamba ule Pascaline anapimaka mkanda kwa macho kama mtu ananunua mbuzi.

Nilitaka kufuta. Kidole kikatuma.

Nilikimbia mpaka nyuma ya choo nikiwaza labda odio, ile sauti niliyorekodi, bado haijatoka, nitaizuia. Ndiyo kwanza rezo ikaipokea vizuri, ikatoka. Pascaline alikuwa amesimama pale pale, simu sikioni, anasikiliza mpaka mwisho. Aliniangalia tu, halafu akasema nimsalimie Bienvenu na suruali yake.

Madame alijibu baada ya muda. Alisema asante kwa ripoti. Akauliza mbuzi ni ya nani.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Pascaline amefunga rezo!

Nimefika asubuhi, nimekuta kamba za nguo zimezunguka choo pande zote, na mablanketi yaliyolowa maji yananing'inia mpaka chini. Nimeomba kupita. Amesema rezo ni ya Mungu, lakini choo ni chake. Amesema niende kwa mbuzi zangu nikapime rezo kwa macho.

Basi nimepanda kichuguu nyuma ya maharagwe yetu. Ukisimama kwa mguu mmoja na kuinua simu juu, ujumbe unatoka. Mvua ikaja. Nilibaki pale juu na mguu mmoja, Shimwa chini ya kitenge anacheka, mama yake analowa. Watu walipita wakauliza kama tumeanza dini mpya.

Lakini pale juu akili ikaja! Kazi ya mbali inaharibika kwa sababu kila mtu ana kipimo chake. Pascaline ana macho, mimi nina mkono, papa Grégoire ana futi lake la zamani lenye namba zimefutika. Kipimo kiwe kimoja! Nitakata kamba tatu sawasawa, kila mtu atashona mkanda wake kwa kamba hiyo, na Madame atajua ni akili ya nani. Hapo staji ni yangu.

Kamba sikuwa nayo. Nimetumia lastiki ya sketi yangu ya zamani. Lastiki nzuri, ngumu, nyeupe. Nimekata tatu, sawasawa kabisa, nimezigawa kabla ya chakula. Papa Grégoire aliishika ya kwake, akaiangalia muda mrefu, akanishukuru. Hata Pascaline aliipokea, kwa vidole viwili, kama panya.

Nimerudi nyumbani naimba.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sitaki kuandika leo. Nitaandika kidogo.

Lastiki inavutika.

Mimi nilipima bila kuivuta. Pascaline aliivuta kwa hasira yake yote. Mikanda yangu ni ya mtoto wa shule ya chekechea, mikanda ya Pascaline ni ya kufunga ng'ombe. Tuliilaza pamoja kwenye mkeka. Shimwa alichukua mkanda mmoja wa Pascaline akaanza kuutafuna, na bado urefu mwingi ulibaki nje ya mdomo.

Pascaline alianza. Ee, fundi wa lastiki! Ee, injinia wa sketi! Alisema kama ni mimi naenda staji, Mbarara yote itavutika mpaka Kampala.

Ni papa Grégoire alituokoa. Ile jana aliishika lastiki, akaona, hakutaka kunitia haya mbele ya Pascaline. Akashona yake kwa kamba ya katani, urefu wa sakoshi ile nzuri. Leo ametukatia na sisi kamba za katani, akatwambia tufumue polepole, turudie. Ameniambia pembeni kwamba wazo ni zuri, mwanangu, lastiki ndiyo ilikuwa mbaya.

Tumefumua mchana kutwa. Vidole vinauma. Lakini mikanda yote sasa ni sawasawa! Ukiilaza, hauwezi kujua ni ya nani.

Halafu tulipiga kura ya staji. Mimi nilijichagua. Pascaline alijichagua. Papa Grégoire alisema yeye magoti yake hayataki safari, na kura yake anampa Gisèle. Mimi! Pascaline akauliza kwa nini, kwa lastiki? Papa Grégoire akasema kwa sababu Gisèle anasikilizaka odio za Madame mpaka mwisho, na akikosa kuelewa anasikiliza tena. Sisi wengine tunasikiliza mwanzo, tunajibu sawa.

Sikujua kama mtu ameona hilo.

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimemrusha Shimwa juu mpaka akatapika kidogo.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimetuma jina langu kutoka kichuguuni. Madame amejibu: "Kale. Jumatatu asubuhi mapema iko kwa stage." Kale ni sawa ya kwao. Sasa imeandikwa.

Mama mkwe wangu, mama Perpétue, amekuja. Habari zinamfikia kabla hazijatoka. Amekuja na sufuria, unga wa uji, kijiko kidogo, na mfuko wa pilipili.

Nimeuliza pilipili ya nini. Amesema ya kupaka matiti, mtoto aache haraka. Amesema mimi nisiwe na wasiwasi, yeye amelea saba, na staji hakuna mtu anaenda na mtoto mgongoni, wakubwa hawapendi. Hiyo ni kweli. Binamu yangu alikuwa na mtoto, alimwacha kwa bibi yake. Aliporudi mtoto alikuwa anamwita shangazi.

Hilo sikuwa nimelikumbuka Jumatatu. Nilikuwa nimekumbuka muhuri.

Mama Perpétue amemlisha Shimwa uji. Shimwa ameuweka mdomoni, ameniangalia, ameutoa wote kwenye kifua cha bibi yake. Halafu amenyoosha mikono kwangu. Amejifunza kunyoosha mikono wiki hii. Wiki hii!

Nimewaza nimwandikie Madame kama naweza kuja na mtoto. Nimepanda kichuguu. Nimeandika. Nimefuta. Alitaka mtu serious. Mtu serious haulizi mambo ya kunyonyesha. Atasema unaona, watu wa Nakivale. Na kazi ya watatu itakufa kwa sababu yangu.

Nimeshuka.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mpango mpya: kupoteza staji bila mtu kujua kwamba naipoteza.

Rahisi. Nitampa Pascaline. Anaitaka, viatu vyake vinang'aa, hana mtoto wa kunyonya. Nimeenda kwake na ndizi. Nimesifu mablanketi yake. Nimesema nimewaza sana, nimeona kwamba yeye ndiye mwenye kustahili, ana sauti ya kukaa na wakubwa.

Pascaline aliacha kufua. Akaniangalia juu, akaniangalia chini. Akauliza kuna nini huko.

Nikasema hakuna kitu.

Akasema weye Gisèle ulipanda kichuguu kwenye mvua kwa ajili ya hii staji, leo unaniletea na ndizi? Staji yenye inagawiwa bure iko na ugonjwa! Labda ule Madame anapigaka watu. Labda ni kufagia. Aah, hapana, dada, nenda mwenyewe, sisi tutakuombea.

Ndizi hakuzirudisha.

Nimejaribu kwa papa Grégoire. Nimesema kidole changu kinauma, labda sitaweza. Ameuliza kipi. Nimemwonyesha kimoja. Baadaye nikasahau nikamwonyesha kingine. Amecheka kidogo, amesema kila mtu anaogopa kabla ya safari, na safari yenyewe ndiyo dawa.

Nimebaki na Bienvenu. Nilitaka kumwambia kweli. Nilianza vizuri, nikasema unajua, Bienvenu, mimi nikiwaza hii safari... Hakuningoja nimalize. Alifurahi, akasema na yeye anaiwaza, na ndiyo maana ameshaitangaza kanisani. Kwaya inajua. Pasta anajua. Kesho nitaombewa mbele ya watu.

Nilikwenda kutoa majani kwenye maharagwe. Nimeng'oa na maharagwe.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeitwa mbele.

Pasta amesema tumshukuru Bwana kwa binti yetu Gisèle, ambaye aliingia Kabazana, kwenye mapokezi ya wakimbizi, na mfuko mmoja na leo anaitwa Mbarara kwa staji. Watu wakapiga makofi! Kwaya ikaimba wimbo wa kuvuka mto. Hakuna mto kati ya hapa na Mbarara wa kuimba hivyo, lakini waliimba beti zote.

Halafu zawadi. Mama mmoja blanketi. Mwingine sabuni. Mzee wa kanisa akatoa kuku, mzima, miguu imefungwa, akasema wa kumpa bosi ili anipokee vizuri. Na Pascaline, ndiyo, Pascaline, akasimama mbele ya watu wote akanipa mafuta ya viatu.

Mama Perpétue alikuwa benchi ya mbele, Shimwa amefungwa mgongoni kwake, kwa kitenge chake yeye. Shimwa akaniona pale mbele. Akanyoosha mikono. Nilikuwa na kuku mikononi.

Nikalia. Nililia mpaka nikapiga magoti. Watu wakasema Roho ameshuka, wakalia na wao. Mzee wa kanisa alitokwa na machozi akaongeza na mayai.

Matiti yanauma. Pilipili nimemwaga chooni. Nitamwambia mama Perpétue ililiwa na kuku.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Acha niandike taratibu, maana mpaka sasa bado nacheka.

Alfajiri tuliondoka kwenda Base Camp, makao makuu ya kambi, kuchukua taksi ya Mbarara. Msafara! Bienvenu na sanduku. Papa Grégoire na mfuko wa sakoshi za wiki, zote za kamba ya katani. Mimi na kuku. Mama Perpétue na Shimwa nyuma, kwa kuagana. Pascaline alikuja pia, alisema ni kwa ajili ya kununua chumvi.

Pale kwenye taksi kuna mtu anaitwa Anatole, ndiye anapangaka abiria na mizigo. Nikamwambia nataka nafasi moja, Mbarara, na kuku. Nikampigia Madame, kumwambia niko njiani. Base Camp rezo ni nyingi mpaka inatisha, alipokea mara moja.

Nikasema Madame, ni mimi Gisèle, ninapanda taksi sasa hivi.

Akauliza napanda kwenda wapi.

Nikasema kwako, kwenye staji.

Akasema banange! Usipande! Kaa hapo hapo! Vitambaa viko njiani, nani atavipokea? Si nilisema mutu ya stage akae kwa stage?

Nikasema ndiyo, Madame, staji, nakuja kwa staji.

Akasema kwa steji! Steji! Uko wapi sasa?

Nikasema niko Base Camp, kwenye taksi.

Akasema basi si uko kwa steji?

Nikaangalia kushoto. Pikipiki. Nikaangalia kulia. Taksi, magunia ya maharagwe, benchi ya Anatole. Steji! Kituo cha taksi na pikipiki! Steji ninaijua! Nani haijui? Kila mtu huku anasema steji, nenda steji, ningoje steji. Lakini mimi nilifikiri inaandikwa s-t-e-j-i! Nani aliwahi kuiona imeandikwa? Kumbe kwa Kiingereza steji inaandikwa sawasawa na staji yetu ya Kifaransa! Herufi zile zile!

Anatole akauliza kwani ni mimi ndiye mtu wa steji? Alisema Madame alishamwambia tangu wiki jana kwamba atakuja mtu wa kupokea vitambaa na kukagua sakoshi kabla hazijapakiwa, na yeye Anatole ameshamfutia vumbi nafasi kwenye benchi. Akaipiga benchi mkono, pale, karibu naye. Akasema karibu kwenye staji.

Pascaline alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mtu. Ee, staji ya kukaa na pikipiki! Staji ya benchi! Papa Grégoire akamkumbusha kwamba na yeye aliipigia kura staji hiyo hiyo. Pascaline akajifuta machozi. Halafu akacheka tena.

Mimi sikuwa na haya hata kidogo. Nilimpa Bienvenu kuku. Nikamgeukia mama Perpétue nikamfungua kile kitenge chake bila hata kuomba. Simu ilikuwa bado inaongea, Madame anauliza kama nimekata. Nikamuuliza, nikasema haraka kabla ya kuogopa: Madame, kwenye steji mtu anaweza kukaa na mtoto?

Akasema ule anapiga kelele kwa odio? Lete! Mimi nilifikiri ni yeye mwenye kutoa ripoti.

Nikakaa kwenye benchi. Shimwa akanyonya kama mtu ametoka jangwani, mkono mmoja ameshika kitenge, mwingine ameshika kidole changu. Gari la Mbarara likaingia, limebeba vitambaa vyetu. Nikavipokea mwenyewe, nimekaa, mtoto kifuani.

Mungu wangu, asante. Asante, asante.

Mama Perpétue alitembea mbele yetu njia yote. Tulipofika alisema ni sawa, hata yeye uji ulikuwa unamchosha.


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kazi inatembea!

Asubuhi mimi na Shimwa tuko steji. Vitambaa vikija, nahesabu mbele ya dereva, napiga picha, natuma. Rezo pale ni kama maji. Sakoshi zikija, kila moja inapimwa kwa kamba ya papa Grégoire kabla ya kupanda gari. Moja ya Pascaline ilizidi, niliirudisha. Alinuna. Ilirudi mchana imekaa sawa kabisa, na chumvi kidogo ndani, ya zawadi. Sijui kama ni tusi. Tumeila.

Na mikutano haiko tena nyuma ya choo! Jumatatu wote watakuja steji, tutakaa kwenye benchi, tutasikia. Anatole amesema na yeye atasikiliza, labda atachangia. Pascaline ameuliza kama anaweza kuja na kiti chake.

Kila jioni natuma odio moja tu, fupi: leo nini kimeingia, nini kimetoka, nini kimekwama. Bienvenu haruhusiwi kuingia.

Leo Madame alipiga. Alisema webare munonga, asante sana ya kwao. Alisema sakoshi zimefika zote sawa, wateja wanauliza ni mashine gani imeshona. Alisema wale washonaji wa Mbarara hawatafuti tena. Anabaki na sisi.

Niliwaambia wenzangu. Papa Grégoire alivua kofia. Pascaline alinikumbatia haraka, akaniachia haraka, akasema ninanuka pikipiki.

Kuku ametaga. Mzee wa kanisa hajamuulizia. Blanketi nimelirudisha, mwenyewe amekataa, amesema safari ni safari hata ikifika Base Camp.


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Afadhali mimi nilisoma Kifaransa! Nisingekisoma, leo tungeanguka wote.

Mchana nilikuwa nyumbani, sakoshi zote za wiki ziko kwangu, zimekaguliwa, ziko tayari kwa gari la kesho. Simu nilikuwa nimeiacha juu ya kichuguu ili ipate rezo, ujumbe wa Madame ukaingia:

"Hello team. Bag zote ya Nakivale ni sale kesho. Wateja watakuja mingi kununua. Munitumie yote mapema."

Sikukimbilia. Ile ya steji ilinifundisha! Neno likija, lisome polepole. Nililisoma mara nyingi. S-a-l-e. Sale.

Sale ni chafu. Mwalimu wetu Uvira alikuwa anatuambia kila asubuhi, mikono sale, kola sale, rudi nyumbani ukanawe.

Chafu! Sakoshi zote! Na kesho ndiyo anazitaka! Atakuwa ameona kitu kwenye picha. Labda vidole vya Shimwa. Labda vumbi la steji. Labda moshi wa pasi ya makaa ya Pascaline, nilijua ile pasi siku moja itatuletea matatizo. Na huyu Madame, vile ana roho nzuri, hakupiga kelele. Amesema tu kwa Kifaransa, kwa heshima.

Nilitaka kwenda kumuuliza papa Grégoire. Nikajizuia. Kwa nini nimwaibishe mzee? Mtu wa steji ndiye anaangalia kazi yote. Hii ni ya kwangu.

Basi nimezifua! Zote! Maji nimechota mwenyewe, sabuni ni ile ya kanisani, Mungu aliiona mapema. Nimesugua ndani na nje, mikanda na mifuko midogo. Kumbe kweli zilikuwa chafu sana, maji yametoka mekundu, halafu ya bluu. Yale makatoni ya chini, yenye kusimamisha sakoshi, yalivimba kama mikate, nikayatoa yote nikayaanika pembeni. Mengine yamekuwa uji. Yatakauka.

Sasa ziko kwenye kamba, kuanzia kwetu mpaka kwenye mti wa jirani. Zile za njano zimekuwa na rangi ya machungwa, zimependeza hata zaidi. Shimwa amekaa chini yake anapiga makofi kila tone likimwangukia.

Nimemtumia Madame odio fupi, kwa sauti ya redio: asiwe na wasiwasi tena, kesho hakuna hata moja yenye kuwa sale.

Anapiga simu sasa hivi, inalia kule kichuguuni. Tena. Anapiga tena! Atakuwa ana furaha sana, masikini. Ngoja nikaushe mikono nimpokee.